Meneja Obuya, Aliyengoja Langoni

Marehemu Meneja Obuya alizaliwa Jumanne tarehe 3 Aprili 2012 mtaani Karen, Nairobi, nyuma ya chumba cha pampu ya maji, katika boma lenye miti mingi kuliko watu. Alikuwa mbwa. Jambo hili linasemwa mapema ili mgeni aliyeona hema kutoka barabarani akaingia kwa ajili ya chai asije akagundua baadaye akajiona ametapeliwa. Chai ipo. Keti.

Mama mzazi wa marehemu alikuwa mbwa wa ukoo, mwenye cheti kilichotundikwa sebuleni kwa mwenye boma, na babu zake wote wameandikwa humo mpaka Ujerumani. Baba mzazi alipita chini ya ua. Hakuwahi kujitokeza, na hata leo hayupo miongoni mwetu, ingawa kwa jinsi masikio ya marehemu yalivyokuwa, moja limesimama na la pili limelala, wenyeji walimshuku bwana mmoja wa rangi ya kaki aliyekuwa akionekana karibu na bucha. Mwenye boma alipoletewa habari za watoto watano aliona haya kama mzee wa kanisa aliyeletewa mjukuu kutoka bwenini. Akaagiza wafichwe wageni wasiwaone.

Mnamo tarehe 19 Mei mwaka huohuo, Zadock Obuya, fundi wa mabomba, aliitwa kwenye boma hilo kuziba tangi. Aliposhuka kuchukua spana alikuta kitoto cha mbwa kimelala ndani ya sanduku la vifaa. Akakitoa. Kikarudi. Akakitoa tena, nacho kikarudi, lakini safari hii hakikulala. Kiliketi kikamtazama akifanya kazi, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeona mambo hayaendi sawa ila hataki kuingilia.

"Huyu ni meneja," Zadock alimwambia mtunza bustani. "Hafanyi kitu, na bado najisikia nimechelewa."

Jina lilitoka hapo. Jioni hiyo marehemu aliwasili mtaani kwetu Mountain View juu ya pikipiki, ndani ya koti la Zadock, kichwa nje, akikagua Waiyaki Way yote kama barabara anayokusudia kuifanyia marekebisho.

Aliyempokea nyumbani ni mke wa Zadock, Bi. Philister Obuya, ambaye wakati huo alikuwa katibu muhtasi wa shule ya msingi na ambaye mtaa mzima unamwita Mama Maurine, kwa jina la kifungua mimba wake. Neno "kumpokea" limetumika kwa heshima. Ukweli ni kwamba alisimama mlangoni na mwiko.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mlinzi."

"Mlinzi anakojoa kwa koti?"

"Ni mgeni, Mama Maurine. Ameshtuka."

"Zadock, nisikize vizuri. Hiyo mbwa isivuke hii mlango. Hata mguu moja."

Marehemu alikuwa na wiki saba tu, lakini alisikia. Agizo hilo alilitii kwa miaka minane.

Kuhusu elimu. Marehemu alianza masomo chini ya Lenox, kitinda mimba wa familia, aliyekuwa darasa la saba na mwenye mtaala wa neno moja, yaani "kaa", na soseji moja ya kufundishia. Kwa kuwa mwanafunzi hakuelewa, mwalimu ilibidi aonyeshe kwa vitendo. Lenox alisema "kaa", akakaa. Baada ya wiki mbili mambo yakawa yamenyooka: Meneja akibweka mara moja, Lenox anakaa. Soseji ililiwa na mshindi.

Mwaka 2014 Maurine alipata kazi yake ya kwanza Kilimani, na kwa furaha ya kuwa mtu wa ofisi akampeleka marehemu kwenye chuo cha mbwa huko kwao Karen, kozi ya wiki tatu. Siku ya nne mwalimu mkuu alipiga simu. Meneja alikuwa amefungua komeo la lango kwa pua, kisha akawaonyesha wenzake namna inavyofanywa, na mbwa tisa wenye vyeti walikuwa wamepatikana wamepanga foleni mbele ya bucha. Alirudishwa nyumbani bila karatasi yoyote. Mama Maurine, mtu wa shule, aliona aibu. Zadock alisema wako wengi waliotoka chuoni kabla ya wakati na dunia bado inazunguka, pengine kwa sababu yao.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa kama mlinzi tangu siku ya kwanza, na rekodi yake kazini ni ya aina yake. Mnamo Februari 2016, mchana kweupe, mtu asiyejulikana aliingia uani akabeba mtungi wa gesi. Jirani yetu Njambi, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta, aliona kila kitu na baadaye akatoa ushahidi.

"Mimi nilidhani ni fundi! Meneja alikuwa anamsindikiza hivi, pole pole, mkia juu. Wamefika barabarani, yule mtu akamkwaruza shingo, akaenda. Haiya, mimi ningeshuku nini? Waliagana vizuri!"

"Meneja hafukuzi watu," Zadock alisema. "Anasimamia."

Mama Maurine alipikia makaa wiki nzima. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni alisimama juu ya mbwa huyo akamwambia, kwa utaratibu na bila kuruka kitu, anavyomfikiria yeye, mama yake wa ukoo, na baba yake wa bucha. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha moja kwa moja. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, sikio moja juu, na inasemekana ndipo alipoanza kumpenda.

Hata hivyo, kazi yake halisi ilikuwa moja, na haikuwa kwenye mkataba. Kila siku, saa kumi na mbili na robo za jioni, aliacha chochote alichokuwa akifanya akaenda kuketi langoni. Saa kumi na mbili na nusu Zadock aliingia, akavua kofia yake ya kazi, akamkabidhi. Marehemu aliibeba kofia hiyo kwa meno mpaka mlango wa jikoni, akailaza juu ya kizingiti, akarudi nyuma hatua moja. Hata mguu mmoja hakuvusha. Hivyo ndivyo Mama Maurine alivyojua kwamba mume wake amefika na kwamba maji ya ugali yawekwe mekoni. Siku ambazo Zadock alichelewa kwenye mabomba ya matajiri, kofia ilichelewa, na wawili hao, mmoja langoni na mmoja jikoni, walikataa kula bila kuambizana.

Ndoa. Mwaka 2017 marehemu aliingia kwenye ndoa ya njoo-tukae na Malkia, mbwa wa Njambi, kupitia tundu la ukuta ambalo pande zote mbili zilidai ni la upande wa pili. Njambi alikuja mwenyewe.

"Mama Maurine, kijana wenu ameharibu msichana wangu."

"Kijana wa nani? Hiyo mbwa ni ya mzee. Ongea na mzee."

Mzee aliongea. Zadock alivaa koti la kanisani, akabeba kilo mbili za sukari na mfuko wa mifupa, akapita kwa lango la Njambi kama mtu aliyelelewa. Njambi alidai mbuzi. Zadock akasema mbuzi wako kijijini kwao Funyula, wanakuja kwa miguu. Walikunywa chai mpaka wakasahau ni nani alikuwa amekosewa, na tangu siku hiyo wakawa wakiitana wakwe. Walizaliwa watoto sita, na kila mmoja sikio moja juu, moja chini, kiasi kwamba hakuna aliyeomba vipimo.

Hapa ni lazima itajwe shughuli ya marehemu katika jamii, maana ndiyo iliyotuleta chini ya hema hili. Mwaka 2014 wakazi wa barabara yetu walianzisha Kikundi cha Kufaana, cha kuzikana na kuliwazana, na katibu akachaguliwa Mzee Mutie, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata salamu huijibu kwa kifungu. Kila mwanachama alijaza fomu ya wategemezi. Zadock alijaza yake kwa mwandiko mzuri: Philister, Maurine, Lenox, na namba nne, Meneja Obuya, umri miaka miwili, uhusiano: wa nyumbani. Mutie aliisoma, hakuona tatizo, akapiga muhuri. Katika barabara hiyohiyo alikuwa amekwisha kuandikisha watoto wawili wanaoitwa Injinia na mmoja anayeitwa Wakili. Zadock alirudi nyumbani akicheka peke yake, akamwambia mbwa, "Sasa wewe ni mtu wa serikali." Mke wake alipouliza anacheka nini, alisema ni kikohozi.

Zadock Obuya alifariki tarehe 11 Julai 2020, ule mwaka wa barakoa. Wengi wenu mnajua mazishi ya siku hizo yalivyokuwa. Watu waliruhusiwa kumi na tano, na Mama Maurine alisimama kwenye lango la nyumbani Funyula akiwahesabu, akawarudisha barabarani binamu wawili na mpiga ngoma. Watu wa afya waliovaa meupe walifanya kazi yao kwa dakika ishirini. Hakukuwa na hema wala programu. Mama Maurine alikuwa ameandika wasifu wa mume wake, kurasa mbili, mbele na nyuma, na alipoutoa mkobani mtu mmoja alimgusa bega akasema, "Mama, hakuna wakati." Akaurudisha mkobani. Hakulia. Watu walimsifu, wakasema mama amejikaza. Aliporudi Nairobi aliendelea kujikaza, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni lini anaruhusiwa kuacha.

Jioni hiyo ya kurudi, saa kumi na mbili na robo, alichungulia dirishani akaona mbwa ameketi langoni, sikio moja juu. Nusu ikapita. Saa moja kasorobo ikapita. Maji ya ugali yalikuwa yamechemka yakapungua. Mama Maurine akafunga kitenge, akatoka, akasimama kando yake, wote wawili wakitazama barabara.

"Haji leo," akamwambia. "Twende tukule."

Meneja alimfuata mpaka mlangoni akasimama, akarudi nyuma hatua moja, kama kawaida yake. Mama Maurine akautazama mlango, akamtazama yeye.

"Ingia bwana. Unangoja nani akwambie?"

Basi agizo la mwaka 2012 likafutwa. Alivusha mguu mmoja, akangoja kuona kama kuna mtu ana mwiko, akavusha mitatu iliyobaki. Kufikia Krismasi alikuwa na upande wake kwenye kochi, juu ya lile koti la pikipiki, na Mama Maurine, ambaye zamani alimwita "hiyo mbwa ya mzee", alikuwa akimsomea vifo vya gazetini na kumuuliza kama familia ile anaijua. Lakini kila jioni ilikuwa vilevile. Saa kumi na mbili na robo, langoni. Na kila jioni Mama Maurine alitoka akamwambia maneno yaleyale manne. Alisema haji "leo". Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Kwa miaka mitano na zaidi, kila siku, alimpa habari za msiba mbwa huyu kwa kiasi ambacho wote wawili wangeweza kubeba kwa siku moja, kisha wakala.

Ugonjwa ulianza Agosti mwaka huu. Marehemu alikataa ugali, akakataa mfupa, akakubali maziwa ya mala tu, tena kwa kijiko. Maurine aliwaendesha mpaka Kilimani kwa daktari wa mifugo, Ndegwa, mtu mpole, ambaye alisema figo zimechoka.

"Ni uzee, mama."

"Hiyo hata mimi nimeona. Wewe ulisomea nini?"

"Nilisomea kukwambia haumii, mama. Dawa hii itamfanya asiumie."

Mama Maurine alikubali jibu hilo na tangu siku hiyo Ndegwa yumo katika maombi yake kila asubuhi, kati ya bunge na watoto wa dada yake.

Alhamisi tarehe 30 Oktoba 2025 marehemu alielekea langoni mapema, saa kumi na moja, kwa miguu yake mwenyewe, akipumzika mara tatu njiani. Mama Maurine alimfuata na kigoda na ungo wa maharagwe akaketi karibu naye akichagua mawe. Jua lilikuwa zuri. Njambi alipita akawasalimu wote wawili. Saa kumi na mbili na dakika ishirini marehemu alilaza kichwa juu ya kandambili ya Mama Maurine. Saa kumi na mbili na nusu, kama mtu anayepokea kofia, lile sikio lililosimama miaka kumi na mitatu likalala. Mama Maurine alifungua mdomo kusema maneno yake ya kila siku, akagundua hakuna wa kumwambia.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Ndegwa aliuhifadhi mwili kwenye friza yake Kilimani akawa anapiga simu. "Mama, tufanye aje?" Akijibiwa, "Ngoja kidogo." Maurine, kwa upendo, alisema kuna watoto wa mbwa wazuri Karen, anaweza kumletea mmoja kesho.

"Maurine. Baba yako alipokufa uliniletea mwanaume mwingine kesho yake?"

"Mum, aki, si hivyo."

"Basi nyamaza ukunywe chai."

Mzee Kihara wa kanisani alipita na Biblia, akaeleza kwa upole kwamba ni mbwa tu, hana roho, na Mkristo hapaswi kumlilia.

"Nani amelia?" Mama Maurine akamuuliza, na Kihara akafunga Biblia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelia. Hilo ndilo lililokuwa shida. Alikuwa akipika ugali wa watu wawili, na kuumwaga. Alikuwa amelikunja koti la kochini, akalikunjua, akalikunja. Na kila siku saa kumi na mbili na robo Njambi, kutoka upande wake wa ukuta, alimwona akitoka mwenyewe, anafika langoni, anasimama pale alipokuwa akiketi mbwa. Haongei. Anatazama barabara mpaka giza liingie, na hakuna mtu wa kumwita ndani. Njambi aliona hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi alivaa viatu akaenda kwa katibu wa Kikundi.

Mutie alifungua daftari ili tu atafute namba ya simu ya Maurine. Akaona mtegemezi namba nne. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Njambi. Huyu Meneja aliyekufa, ndiye huyu?"

"Kwani kuna Meneja mwingine?"

"Mimi miaka kumi na moja nimekuwa nikijiuliza huyu kijana anasoma wapi."

Kikao cha dharura kiliitwa Jumanne tarehe 4. Mutie alisoma kipengele cha tisa: kila aliyeandikishwa akifariki atapewa hema, viti hamsini, sufuria mbili kubwa, kwaya, programu iliyochapishwa na wasifu utakaosomwa. Mzee Kihara akasimama.

"Hii ni maajabu! Leo tunazika mbwa, kesho mtu ataleta kuku."

"Kuku aandikishwe kwanza," Mutie akasema.

"Katibu, hii kitu ina miguu nne!"

"Kipengele hakisemi miguu. Nimekisoma mara tatu, nikitafuta hiyo miguu. Hakuna."

"Basi tubadilishe katiba!"

"Tutabadilisha. Notisi ni siku ishirini na moja. Marehemu atakuwa ameshazikwa."

Ilipigwa kura. Walikuwa wanachama thelathini, na ishirini na tisa waliinua mikono, wengi wao, ni lazima isemwe, kwa sababu ya kutaka kuona uso wa Kihara. Kihara mwenyewe aliomba iandikwe kwamba amepinga, na leo yuko safu ya pili, na ameleta mkewe, na ndiye aliyeombwa kuongoza wimbo wa tatu. Tunamshukuru.

Mutie alipokuja kutoa taarifa, na kumsomea kikao chote mpaka kuku wa Kihara, Mama Maurine aliipokea vibaya. "Mnataka watu wanicheke? Toka 2020 nimekaa kimya, nimewasumbua?"

"Mama Maurine, sikuombi ruhusa. Nakujulisha. Nani ataandika wasifu?"

Programu ilichapishwa Alhamisi mjini, ghorofa ya tatu, kwa bwana ambaye huchapisha misiba kutwa. Lenox ndiye aliyetumwa. Bwana yule alichukua kalamu.

"Pole sana, bro. Marehemu alikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Woi. Mtoto kabisa. Alikuwa shule gani?"

"Ya Karen. Walimfukuza."

Bwana yule akaweka kalamu chini, akatikisa kichwa, akasema shule za siku hizi hazina utu. Lenox, aliyeona mambo yanazidi, akatoa picha ya jalada.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye."

Akaitazama picha muda mrefu, lile sikio la juu na la chini. "Ametoka fiti kuliko wengi," akasema. Akachapa nakala sitini bila swali lingine, akaongeza utepe wa rangi ya zambarau ambao haukuombwa.

Jana, Ijumaa, vijana walisimamisha hema hili. Lilipochomoza juu ya ukuta Mama Maurine alitoka jikoni akaliangalia. Alihesabu viti. Havikuwa kumi na tano. Ikafika saa kumi na mbili na robo, na mbele ya watu wote, wapika chai, wabeba viti, Mutie na daftari lake, akafunga kitenge akaenda langoni. Watu wakaacha kugonga misumari. Hakuna aliyejua la kufanya. Maurine alitaka kumfuata, Lenox akamshika mkono. Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Ikapita.

Njambi akaweka sufuria chini. Alikwenda pole pole mpaka langoni, akasimama kando ya jirani yake, wote wawili wakitazama barabara.

"Hawaji leo, Mama Maurine," akasema. "Twende tukule."

Hapo ndipo Mama Maurine alipolia. Alilia kwa sauti, kama watu wa kwao wanavyolia, mikono kichwani, akimwita mume wake kwa jina na mbwa kwa jina, akiwachanganya, akimgombeza mmoja kwa mtungi wa gesi na mwingine kwa fomu ya Kikundi. Wanawake wakaja, hata mke wa Kihara. Alilia akatosheka. Kisha akajipangusa na kitenge, akamuuliza Njambi, "Umepika nini?" Akaambiwa ni ugali na kuku. "Wa Kihara?" akauliza, na walicheka mpaka wakashikana. Alikula sahani mbili. Wiki nzima hakuwa amemaliza moja.

Baada ya chakula alileta mkoba wake, akatoa kurasa mbili zilizokunjwa mara nne, zenye rangi ya chai kwenye mikunjo, akaziweka juu ya daftari la Mutie.

"Katibu, na huyu pia yuko kwa hilo daftari."

Mutie akafungua mwanzoni. Zadock Obuya, mwanachama. Akapitisha kidole kwenye kipengele cha tisa: hema, viti, kwaya, programu, wasifu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na alama ya kutolewa. Mtu huyo wa vifungu alitafuta kifungu cha kusema, akakikosa. Akavua miwani.

"Hema ni moja," hatimaye akasema. "Lakini wasifu zitasomwa mbili."

Kwa hiyo wageni wasiondoke mara baada ya huu. Wa pili ni mfupi, wa kurasa mbili tu, mbele na nyuma, umengoja tangu Julai 2020, na utasomwa na aliyeuandika.

Marehemu Meneja amewaacha Bi. Philister Obuya, mama mwenye nyumba, Maurine wa Kilimani, Lenox, mwanafunzi wake, mkwe wake Njambi, watoto sita kutoka Mountain View hadi Kangemi, watakaotambulika kwa masikio, Daktari Ndegwa, na mtu mmoja asiyejulikana mwenye mtungi wetu wa gesi, ambaye naye, akisikia habari hizi, anakaribishwa chai. Alitanguliwa na mkewe Malkia, na rafiki yake Zadock, fundi.

Atalazwa kando ya lango, uso ukitazama barabara, na kofia ya kazi itawekwa pamoja naye ili asifike mikono mitupu. Saa kumi na mbili na nusu lango litafungwa na Mama Maurine mwenyewe, kutoka ndani.

Inuka sasa, Meneja, zamu imekwisha. Mpelekee kofia yake. Huko unakokwenda, mlango ukiukuta wazi, vuka na miguu yote minne.